Upande wa pili wa futi: barua kwa binti yangu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi hapa Tanga hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, anasema zile kanga zimefika na amekwisha kuzikata.

Juzi usiku simu ilikatika wewe ukilia, na nilipopiga tena hukupokea. Sikulala. Kaka yako alikuwa amekutumia picha za majibu yangu ya vipimo vya figo vya mwaka huu, ukaniambia, "Baba, Januari kreatinini ilikuwa 1.3, Aprili 124, Agosti 150, mbona mnanificha?" Hakuna anayekuficha, mama. Nimeona nikae nikuandikie taratibu, maana kwenye simu tunakatizana.

Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu; figo zikilegea, inapanda. Tuanze na hiyo 1.3. Unaikumbuka futi yangu ya kushonea, ile ya njano uliyokuwa ukijifunga kiunoni ulipokuwa mdogo? Upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita. Kiuno cha inchi 32 ukigeuza futi unasoma 81, na mteja hajanenepa hata kidogo. Maabara ya Januari huandika kreatinini kwa miligramu kwa desilita. Maabara niliyokwenda Aprili na Agosti huandika kwa maikromoli kwa lita. Ukitaka kuzilinganisha, zidisha ile ya kwanza kwa 88.4, na 1.3 yangu itakuwa 115. Kwa hiyo nimetoka 115, nikafika 124, kisha 150. Kupanda kupo, sikatai, ila si kule kulikokutoa machozi.

Kuna jambo jingine kwenye karatasi ya Januari. Chini ya kreatinini pameandikwa eGFR, yaani makisio ya kasi ya figo kuchuja damu, mililita ngapi kwa dakika. Pale kuna mistari miwili: mmoja unasema 58, mwingine, wa mtu mweusi, unasema 67. Wewe ukaishika 67, ukaona Aprili 56, ukasema Baba ameporomoka. Damu ile ilikuwa moja, mwanangu. Fomula ya mwaka 2009 ilikuwa ikimwongezea mtu mweusi karibu asilimia 16. Mwaka 2021 ikatoka nyingine isiyouliza rangi, na hiyo ndiyo maabara ya pili inayoitumia. Nilimwomba daktari aipitishe damu ya Januari kwenye fomula mpya, ikatoka 62. Nakwambia kweli, jambo hili liliniuma. Ni wangapi walioambiwa figo zao nzima kwa sababu ya ile nyongeza, wakarudi nyumbani bila dawa?

Basi mfuatano wenyewe ni huu: Januari 62, Aprili 56, Agosti 45. Sasa nikueleze kilichotokea katikati, kwa kuwa karatasi haikisemi.

Mwezi Machi daktari alinianzishia losartani kwa ajili ya presha. Alinionya mapema kwamba kreatinini huenda ikapanda kidogo, kwa sababu dawa ile inapunguza msukumo wa damu ndani ya vichujio vya figo. Vinachuja kidogo kuliko jana, lakini havichakai haraka. Akasema kupanda hadi asilimia 30 hakumtishi, mradi potasiamu, madini ya kwenye damu, nayo iwe sawa. Mimi nilipanda kutoka 115 hadi 124, haifiki hata asilimia 10, na potasiamu ilikuwa nzuri. Tena kumbuka kwamba maabara mbili tofauti hazikubaliani barabara, na hata mtu yule yule akipimwa leo na kesho namba haitoki moja. Mimi mwenyewe nikipima kifua cha mteja mara mbili hupishana nusu inchi.

Agosti ni habari nyingine, na hiyo kosa ni langu. Goti lilinishika wiki ile ya harusi kule Pangani. Nikanunua diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani, nikaimeza siku saba bila kumuuliza mtu. Dawa ile inabana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na mimi tayari niko kwenye losartani. Juu yake lile jua la harusini, maji sikunywa ya kutosha, na usiku wa kuamkia kipimo nikala pilau yenye nyama nyingi, nayo nyama iliyopikwa huipandisha kreatinini kwa saa kadhaa. Asubuhi nikatoa damu. Ile 45 ilikuwa figo zangu zikiwa zimebanwa, na sehemu yake pengine ni ile nyama tu. Nilipomweleza daktari alikaa kimya, kisha akaniambia diklofenaki nisiiguse tena, na nirudi baada ya wiki mbili. Nikarudi, kreatinini ikawa 124. Mwezi huu wa Novemba 122. Kaka yako hakukutumia hizo mbili, nami nimemwambia azitume leo.

Lakini usije ukapumua ukadhani yamekwisha. Kuna karatasi moja ambayo hukuniuliza, nayo ndiyo inayonikalisha macho. Ni ya mkojo. Wanapima albumini, protini ya damu, dhidi ya kreatinini ya mkojo. Inatakiwa iwe chini ya miligramu 30 kwa gramu. Yangu Aprili ilikuwa 90, Novemba 70. Figo nzima haiiachi protini ile ipite hivyo. Kreatinini inaweza kukaa ndani ya mipaka hata figo zikiwa zimepoteza karibu nusu ya nguvu zake, lakini mkojo mara nyingi hutangulia kusema. Miaka mingi nilipimwa damu tu, nikaambiwa niko sawa, na hakuna aliyeniomba kichupa cha mkojo. Ningekuwa nimeanza losartani zamani.

Kwa kuwa eGFR yangu imekuwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, daktari ameandika ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu. Najua neno hilo litakushtua. Hatua ni tano, na ya tatu inaanzia 59 kushuka hadi 30. Mimi niko sehemu ya juu yake. Mashine za kusafisha damu kwa kawaida huanzishwa, zikihitajika, mtu akiwa chini ya 15. Kazi yangu ni presha, chumvi, na kutomeza kila kidonge ninachopewa.

Ndiyo maana ule unga wa mizizi wa kusafisha figo ulionitumia bado uko kabatini. Najua ulitumia pesa yako na mapenzi yako, Mungu akulipe. Sijui ndani yake mna nini, na figo ndizo zitakazolazimika kuutoa. Usiniletee mwingine.

Na wewe mama, nenda ukapimwe presha na mkojo. Babu yako alikuwa na presha, mimi ninayo, na wewe umetimiza miaka 34.

Kipimo kijacho ni wiki ya pili ya Januari, maabara ile ile, asubuhi, na jioni ya kuamkia siku hiyo nitakula wali na mchicha. Tafuta daftari, andika tarehe, namba, imepimwa kwa kipimo gani, na wiki ile nilikuwa nikimeza nini. Karatasi zote mbili, ya damu na ya mkojo, nitakutumia mwenyewe siku hiyo hiyo. Ukishaziandika nipigie, ila nipigie mchana, nikiwa kwenye cherehani, ili tuzisome pamoja.

Ni mimi baba yako,
Tanga