Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tuliokwenda Buxton

Waheshimiwa wazee, ndugu wanachama, na ninyi vijana mliokaa nyuma, karibuni mbele. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Vikao vyote vilifanyika, na waliofiwa hawakuachwa peke yao, nawashukuru sana. Muda wangu nautumia kwa safari ya Buxton, kwa kuwa imezaa jambo la kuamua leo.

Wengi wetu tumepita mara nyingi barabara ya London kwenda Windsor hapa Ontario, Kanada, bila kujua kwamba karibu na Chatham kuna kijiji hiki cha Buxton, kilichoanzishwa mwaka 1849 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Mwanzilishi wake, Mchungaji William King, mzaliwa wa Ireland, alikuwa amefundisha Louisiana na kuoa katika familia yenye watumwa. Aliwaacha huru watu 15 akaja nao Ontario, wakaanzia kwenye ekari 9,000 za msitu na maji yaliyotuama. Wapo wakazi wa Chatham waliofanya mkutano kuwapinga, wakiongozwa na Edwin Larwill. Walowezi hawakuondoka. Walikata miti, wakachimba mitaro, wakalima.

Hapakuwa na ardhi ya bure. Kila familia ilinunua ekari 50 kwa dola 2.50 kila ekari, jumla dola 125, ilipwe kwa miaka 10. Nyumba isipungue futi 24 kwa 18, iwe na vyumba vinne, ikae futi 33 kutoka barabarani, na mbele pawe na uzio na bustani ya maua. Kwa muda wa miaka hiyo 10 shamba lisingeweza kuuzwa kwa mzungu. Hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu. Sisi tulioishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Tanzania, tunajua maana ya kujenga kwenye kiwanja ambacho huwezi kukiita chako, ukipanda muembe bila uhakika nani atakula maembe. Hawa, waliotoka kumilikiwa wao wenyewe, walishika hati ya shamba.

Shule ilifunguliwa mwaka 1850, watu wakiwa bado wanakata magogo. Watoto walifundishwa mpaka Kilatini na Kigiriki, na wazungu wa jirani wakaanza kuwaleta wa kwao, hata shule yao ikakosa wanafunzi ikafungwa. Katika shule hii ya Buxton alisoma Anderson Ruffin Abbott, mtu mweusi wa kwanza mzaliwa wa Kanada kupata leseni ya udaktari. Mwaka huohuo wa 1850 watu weusi wa Pittsburgh waliwaletea kengele, ikawa inapigwa kila anapofika mtu aliyetoroka utumwani. Wakimbizi wenzangu, fikirini kufika ugenini ukakuta kengele inalia kwa ajili yako.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, wengi walirudi kusini kutafuta ndugu na kusaidia walioachwa huru. Kijiji kikapungua, na leo ni nyumba chache kati ya mashamba, kanisa, makaburi na makumbusho. Jengo la shule la 1861, lililotumika hadi 1968, bado limesimama; watoto wetu walikaa kwenye madawati yake. Lakini tangu 1924, kila wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi mwezi Septemba, wajukuu na vitukuu hurudi kutoka Kanada na Marekani: kuna gwaride, ibada, michezo, vyakula, na kikao cha historia na nasaba ambapo mtu hutafuta jina la bibi wa bibi yake.

Sasa nakuja kwetu. Darasa letu la Kiswahili la Jumamosi lilisimama majira ya baridi kwa kukosa mwalimu na chumba. Nilipaswa kuitisha kikao cha dharura na sikuitisha. Naomba radhi kwa wazazi. Kamati inapendekeza darasa lirudi na mwalimu alipwe posho kutokana na ada zetu, hata kama sherehe ya mwisho wa mwaka itakuwa ndogo. Tutalipigia kura baada ya hesabu.

Pendekezo la pili halihitaji kura. Katibu ana daftari jipya mezani. Kila familia iandike majina ya wazee wake, kijiji walikotoka, na njia waliyopita mpaka hapa. Wasiojua kuandika watasaidiwa na vijana. Ukurasa wa kwanza nimeshaujaza, nimeanza na bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Uvira, Kongo.