Barua ya wazi kwa vijana wapiga kinanda wa Malindi na Watamu

Wanangu,

Nawasalimu kutoka hapa Malindi nikiwa mzima wa afya. Malalamiko yenu yamenifikia, mengine mkiyaleta wenyewe barazani kwangu baada ya Alasiri, mengine nikiyasikia pembeni: kwamba hoteli siku hizi huchomeka flashi kwenye mitambo na kuiacha ipige usiku kucha, kwamba mpiga gitaa huitwa kwanza kwa sababu chombo chake hupanda bodaboda bila taabu, na kwamba aliyeupenda muziki wa jazi hana pa kuupeleka katika mji unaokula kwa msimu. Mnaniuliza kama mpiga piano wa jazi anaweza kulisha nyumba kwa vidole vyake. Anaweza. Lakini riziki hiyo haiko pale mnapoitafuta, kwenye ile zamu ya kupiga peke yako huku wenzako wamenyamaza. Iko katika kumsindikiza mtu mwingine, hasa mwimbaji, na kazi hiyo ndiyo mnayoidharau.

Tazameni maisha ya Hank Jones, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1918, mmoja wa wapiga piano walioheshimiwa sana na wenzao. Kuanzia 1948 hadi 1953 alimsindikiza mwimbaji Ella Fitzgerald. Mwaka 1959 akaajiriwa na shirika la utangazaji la CBS kuwa mpiga piano wa studio, kazi aliyoishikilia hadi katikati ya miaka ya 1970, akimpigia yeyote aliyeletwa mbele yake. Mei 1962, Marilyn Monroe alipomwimbia Rais John F. Kennedy wimbo wa siku ya kuzaliwa mjini New York, aliyekuwa kwenye piano ni yeye. Dunia nzima inalikumbuka gauni la usiku ule. Mpiga piano wanamkumbuka wachache, lakini nina hakika aliondoka na malipo yake. Aliendelea kupiga mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 91. Msidhani hakuwa na jina lake mwenyewe: ana rekodi nyingi, tena nzuri. Ila kilichomweka mjini miaka yote hiyo ni uwezo wa kukaa nyuma ya mtu na kumfanya asikike vizuri kuliko alivyo.

Au mtazameni mpiga piano wa bara letu wenyewe, Abdullah Ibrahim, mzaliwa wa Cape Town mwaka 1934, ambaye enzi hizo aliitwa Dollar Brand. Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1962, ubaguzi wa rangi ukiwa umewabana wanamuziki, akapata kazi ya klabu mjini Zurich. Mwaka uliofuata Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi mashuhuri wa Marekani, akapita mjini humo. Aliyemwendea na kumsihi aje kumsikiliza kijana huyo hakuwa wakala wala meneja, bali Sathima Bea Benjamin, mwimbaji aliyekuwa akishirikiana naye na ambaye baadaye walioana. Ellington alikuja, akapanga warekodiwe wote wawili huko Paris, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena Dollar Brand ni nani. Mwimbaji unayempigia vizuri hukutaja kila aendako, bila wewe kumlipa senti.

Sasa niseme jambo litakalowauma. Wengi wenu mmejifunzia kanisani au kwenye bendi za harusi, kwenye kinanda cha vibonyezo 61, na mmezoea kupiga kila wimbo kwenye ufunguo wa C, yaani kuujenga juu ya sauti hiyo, kisha mnabonyeza kitufe cha kuhamisha sauti mpaka mfike anapopataka mwimbaji. Masikio yenu ni makali, hilo sikatai. Lakini piano yenyewe, ile ya vibonyezo 88 na nyuzi ndani, haina kitufe hicho. Nimemwona kijana hodari, katika hoteli moja ya huku pwani, akiambiwa na mwimbaji mgeni aanze kwenye E-flati. Mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe mpaka pale kitufe kinapokaa kwenye kinanda chake cha nyumbani, ukakuta ubao mtupu uliopakwa vanishi. Mwimbaji aliliona hilo. Akamgeukia mpiga gitaa kwa tabasamu la adabu, na msimu ule wote kazi ikawa ya mpiga gitaa. Kwa hiyo pale mnaponiambia magitaa yanawapora riziki, nawasikiliza, lakini nauona mkono ule.

Dawa yake haina ladha. Chukua wimbo mmoja unaoujua hata usingizini, uupige leo kwenye ufunguo mmoja, kesho mwingine, mpaka funguo zote 12 ziishe, kisha uchukue wimbo wa pili. Nyimbo nyingi za jazi zilizomo vitabuni zimewekwa mahali panapomfaa mpiga tarumbeta au saksafoni, na mwimbaji wa kike mara nyingi hutaka ushushe kwa sauti nne au tano, kwa hiyo asiyejua kuhama hana la kumfaa. Anzeni na miundo miwili tu, kwa maana imebeba sehemu kubwa ya muziki huu: bluzi ya hatua 12, yaani vipande 12 vya mapigo, na wimbo wa hatua 32 ambao sehemu yake ya kwanza hurudiwa, ikaingia ya katikati, kisha ya kwanza ikarejea. Mwenye miundo hiyo miwili mikononi, kwa funguo zote, anaweza kukaa na watu asiowajua na kupiga usiku mzima.

Kisha jifunzeni kupunguza. Mkiwa na mpiga besi, mwachieni sauti ya chini ya kila kodi ya muziki, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Mkono wako wa kushoto ushike sauti ya tatu na ya saba, ukihesabu kutoka ile ya chini, kwa kuwa hizo ndizo zinazomwambia msikilizaji kodi hiyo ni ya aina gani na inaelekea wapi. Mwimbaji anapoimba, usimpigie wimbo wake juu yake kana kwamba hamwamini. Subiri apumue, weka maneno yako mawili, mpishe. Utangulizi wa hatua nne unatosha, mradi uishie kwenye sauti atakayoanzia. Na mtazame mabega badala ya kutazama vidole vyako: anayetaka kurudia mstari wa mwisho huvuta pumzi mapema, na mpiga kinanda aliyeinamisha kichwa ndiye anayemaliza wimbo peke yake huku mwenzake bado yumo. Count Basie, mpiga piano na kiongozi wa bendi, alijenga jina kubwa kwa kupiga sauti chache, akijua kwamba bendi nyuma yake ina watu.

Sisi wa pwani hapa tuna mtaji ambao hatuuoni. Mwimbaji wa taarab akikuletea wimbo wa rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za Kiarabu, sauti ya tatu ya ngazi ile iko katikati ya vibonyezo viwili. Udi na fidla huifikia, piano haiifikii kamwe. Ukimgongea ile ya juu au ile ya chini, umemharibia, na wazee waliokaa mbele watakunja nyuso. Msindikizaji mwerevu huiacha nafasi hiyo tupu, akashika ya kwanza na ya tano tu, yaani kinyume kabisa cha nilichowaambia sasa hivi kuhusu jazi. Anayejua lini aishike ya tatu na lini aiache ana kazi mbili badala ya moja. Na mapigo sita ya chakacha mliyozaliwa nayo, ambayo mwanafunzi wa Ulaya huyahesabu kwa vidole, yanaukubali muziki wa jazi bila kulazimishwa. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn, New York, alirekodi kazi yake Uhuru Afrika na kuingiza Kiswahili ndani yake. Yeye aliifuata Afrika kutoka mbali; ninyi mko hapa mitaani Barani na Maweni mnaona haya kuingiza chakacha kwenye bluzi.

Mtu ataniambia kwamba kusindikiza humfanya mpigaji abaki mdogo. Mwaka 1959 mpiga saksafoni John Coltrane alimwita mpiga piano Tommy Flanagan studio kurekodi Giant Steps, wimbo wa kasi kubwa ambao ufunguo wake hauketi mahali pamoja. Ukisikiliza rekodi ile, unamsikia Flanagan, bingwa asiye na shaka, akisitasita zamu yake ilipofika. Mwaka 1982 aliurekodi tena wimbo huo na watu wake wawili, wa besi na wa dramu, akiwa ameushika barabara. Katikati ya miaka hiyo alikuwa wapi? Kwa sehemu kubwa alikuwa nyuma ya Ella Fitzgerald, miaka kumi mfululizo hadi 1978, usiku baada ya usiku. Hakutoka huko akiwa mdogo.

Kuhusu piano za hotelini, msizilaumu, zijueni. Unyevu wetu huvimbisha mbao na chumvi hula nyuzi, na fundi wa kuzilinganisha hupatikana kwa shida. Fika mapema, kabla ya wageni kurudi kutoka ufukweni, ugonge vibonyezo vyote kimoja kimoja, ujue kipi kimekwama na kipi kinalia ovyo, kisha umwombe mwimbaji mkae mbali na hapo. Mpiga piano Keith Jarrett alipopiga mjini Köln, Ujerumani, mnamo Januari 1975 aliletewa piano mbovu, yenye sauti nyembamba za juu, akajikalia kwenye vibonyezo vya katikati kwa muda mwingi wa usiku ule, na rekodi yake ikauzwa kwa mamilioni.

Mambo ya fedha nayapitia haraka kwa kuwa mnayajua, ingawa hamyafanyi. Andikianeni: saa za kuanza na kumaliza, mapumziko, chakula, nani analeta mitambo, nani anakurudisha nyumbani usiku wa manane, na unalipwa nini wageni wasipokuja. Kinywaji si malipo, wala kisiandikwe kuwa malipo. Ukitunga wimbo wako, usajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla haujapigwa kila pahali. Masika yakiingia na hoteli zikifunga, usikae kumsubiri meneja. Huo ndio wakati wa kujifunza. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, na si mbali kama mnavyoifanya.

Mabinti zangu, nanyi msidhani barua hii ni ya kaka zenu. Mpiga piano Mary Lou Williams wa Marekani alipiga na kupangia bendi za wanaume muziki tangu ujana wake, na katika miaka ya 1940 nyumba yake ya Harlem, New York, ilikuwa ndipo wapiga piano akina Thelonious Monk walipokwenda kukaa kwenye piano na kusikiliza ushauri wake. Kuanzia 1977 alifundisha Chuo Kikuu cha Duke mpaka alipofariki mwaka 1981. Kufundisha nako ni sehemu ya kazi hii, na hapa Malindi kuna wazazi wengi ambao hawatampeleka binti yao kwa mwalimu wa kiume lakini watamleta kwako bila kusitasita.

Desemba haiko mbali. Kabla hamjarudi barazani kuniletea habari za mameneja, kila mmoja wenu amtafute mwimbaji mmoja, awe wa kwaya, wa taarab, au dada wa jirani mnayemsikia akiimba akifua. Mchague nyimbo 20, na kando ya kila wimbo muandike ufunguo wake, ule anaoutaka yeye, si ule unaokupendeza wewe. Mkija, njooni wawili wawili, nami nitawasikiliza kila Alhamisi jioni. Waya mrefu wa umeme mje nao, wangu umekwisha kwa kutu.

Wasalaam,

Mzee wenu wa kinanda,
Malindi