Kabla ya kutuletea fidla, tutafutieni wa kuziongoza

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya okestra ya vijana inayozungumzwa hapa Lamu. Habari zake nimezisikia barazani, nimezisikia gatini, na juzi kijana mmoja alikuja karakanani kwangu kuuliza kama naweza kutengeneza viti arubaini vya wapigaji. Viti naviweza. Nikamuuliza, kiti cha kwanza atakikalia nani? Akajibu kwamba hilo litajulikana vyombo vikishafika.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Mimi ni fundi seremala wa Langoni. Kazi yangu ya kila siku ni milango, vitanda na viti vya enzi, lakini tangu ujana wangu watu huniletea udi, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, uliopasuka, kwa kuwa mjomba wangu alikuwa mpigaji na alinifundisha kuuziba bila kuufunga sauti. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa fidla sita. Zilitoka ng'ambo, zawadi kwa taasisi moja ya kisiwani ambayo sitaitaja, maana nia yao ilikuwa njema. Zilikuja na mwalimu mgeni mwenye mkataba wa miezi mitatu. Watoto wakajifunza kushika upinde, wakajua nyimbo mbili fupi, wazazi wakaalikwa, picha zikapigwa. Mwalimu akarudi kwao. Fidla zikarejeshwa makashani, makasha yakatiwa stoo ya mabati, mlango ukapigwa kufuli. Zilikaa humo karibu miaka miwili.

Nilipofungua kasha la kwanza nilipokewa na harufu ya ukungu. Fidla huunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, gundi ya kale inayolainika kwa joto na unyevu. Wazee wa kazi hiyo waliichagua makusudi, ili fundi aweze kuifungua na kuifunga tena chombo kikihitaji matengenezo. Lakini stoo ya mabati ya Lamu wakati wa kaskazi ni sawa na chungu kilichofunikwa. Nne kati ya sita zilikuwa zimeachana ubavuni, unaweza kupitisha ukucha baina ya ubao wa mgongo na mbavu zake. Nywele za pinde, ambazo ni singa za farasi, zililiwa na wadudu. Ya tano haikuwa na ufa wowote, ila nilipoigeuza nilisikia kitu kinabingirika ndani.

Kilikuwa kijiti. Ndani ya kila fidla mna kijiti cha mviringo, chembamba kuliko penseli, kimesimama baina ya ubao wa juu na wa chini, karibu na mguu mmoja wa kile kibao kinachonyanyua nyuzi. Hakina gundi wala msumari. Kinashikwa na mkazo wa nyuzi tu, na nyuzi zote zikilegea kwa pamoja huweza kuanguka. Kikianguka, fidla inabaki na umbo lake na rangi yake na nyuzi zake nne, lakini sauti inakuwa ya debe. Waitaliano na Wafaransa hukiita roho. Wakati ule sikulijua jina hilo, binti yangu ndiye aliyenisomea baadaye. Nilichojua ni kwamba kilitakiwa kusimama, na nilikisimamisha kwa waya niliouchonga ncha, nikiupitisha kwenye tundu jembamba la kifuani, asubuhi nzima, jasho likinidondoka juu ya ubao.

Mhariri, unyevu ulimaliza tu kazi iliyokwisha kuanza. Fidla inayopigwa kila siku hufutwa, hukazwa, hupata hewa, na mwenyewe huuona ufa ungali mwembamba kama unywele. Hizi zilifungiwa kwa sababu hakubaki wa kuzipiga. Na hakubaki wa kuzipiga kwa sababu katika mpango ule wote hapakuwa na mtu wa hapa aliyepewa kazi ya kuongoza.

Watu wengi hudhani kiongozi wa okestra ni yule anayesimama mbele na fimbo. Kweli, yeye ndiye anayeshika mwendo na kuamua wapi sauti ipande na wapi ishuke. Lakini hatoi hata sauti moja. Anayeongoza kwa chombo chake ni mpigaji fidla wa kwanza, anayekaa mbele kabisa upande wa kushoto wa mwongozaji, wao humwita konsatimasta. Kabla ya kuanza yeye husimama, obo, chombo cha kupuliza, hutoa sauti moja, aghalabu ile ya mitetemo 440 kwa sekunde, na kila mwenye chombo hukipatanisha nayo. Yeye ndiye anayeamua upinde uvutwe wapi na usukumwe wapi, na ndiyo maana ukitazama fidla ishirini unaona pinde ishirini zikienda njia moja. Tena kila kundi lina mkuu wake, chelo na wake, filimbi na wake, tarumbeta na wake. Kwenye okestra ya wananchi, ambayo wapigaji wake ni muuguzi, mwanafunzi, karani na mstaafu, mkuu wa kundi ndiye mwalimu pia. Ndiye anayegeuka wakati wa mazoezi akamwambia aliye nyuma yake, kidole chako kiko juu kidogo, kishushe. Ukimwondoa huyo utabaki na viti arubaini, na kila kiti na mashaka yake.

Sisi si wageni wa jambo hili. Obo ni ndugu wa zumari, vyote viwili hulia kwa ulimi wa tabaka mbili, na aliyewahi kusimama kwenye kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo, anajua kuwa zumari likigeuka, ngoma na fimbo hugeuka nalo. Mfungo sita ukifika, njoo pale Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, uwatazame wenye matwari. Safu imenyooka, kanzu nyeupe, vichwa vinayumba pamoja. Hakuna anayepunga mkono. Yuko mzee mmoja katikati, akibadilisha kidogo tu pigo la tari lake, safu nzima imeshabadilika kabla hujajua kilichotokea. Sisemi fidla ziingizwe kwenye maulidi. Kila jambo lina mahali pake na heshima yake, na sitaki nieleweke vibaya. Nasema uongozi wa namna ile tunaujua. Mzee yule hakuletwa kwa mkataba wa miezi mitatu. Alikaa ubavuni mwa mwingine tangu utotoni, na sasa kuna kijana anayekaa ubavuni mwake.

Hapa ndipo alipozaliwa Zein l'Abdin, aliyeufanya udi wa Lamu ujulikane mbali. Na kusini kwetu, Unguja, kundi la taarabu la Ikhwani Safaa lilianza mwaka 1905 na bado lipo. Hata huko kuna bahari, kuna joto, na fidla zao hupasuka kama zetu. Zaidi ya miaka 100 wamedumu kwa sababu kila mpigaji wa kanuni, chombo cha nyuzi nyingi, kila mpiga fidla, alimwachia mtu nafasi yake kabla ya kuondoka. Tangu mwaka 2002 Mji Mkongwe una pia chuo cha muziki kinachofundisha vyombo hivyo, na walimu wake wengi walikuwa wanafunzi wake.

Kama wenzetu wa mradi wanataka mfano wa okestra kamili ya simfoni, watazame Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, aliwakusanya waumini wa kanisa la Kimbangu wapige muziki. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, wakawa wanapokezana. Waya wa fidla ukikatika walitumia hata waya wa breki ya baiskeli. Mimi kama fundi najua waya ule hauna sauti nzuri, lakini okestra ile ilikua ikawa na wapigaji wengi, ikasafiri, ikasikika duniani. Walichokuwa nacho tangu siku ya kwanza ni mtu aliyekuwa akirudi kila jioni kwenye mazoezi. Hata hapa Kenya, pale Korogocho, Nairobi, okestra ya vijana ya Ghetto Classics aliyoianzisha Elizabeth Njoroge imefika mahali ambapo waliofundishwa jana wanafundisha wadogo zao leo. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisikia Lamu. Idadi ya makasha yaliyoshushwa Mokowe, gati ya bara, hainiambii kitu.

Na msiniambie kwamba Lamu haina watu. Katika wale watoto wa fidla sita alikuwako binti mmoja, umri wake kama miaka 13. Nilipomaliza kuzitengeneza aliomba ruhusa ya kuja kufanya mazoezi karakanani baada ya chuo cha Kurani, kwa sababu nyumbani hapakuwa na nafasi. Mama yake alikuwa akimleta mwenyewe na kukaa kizingitini akisuka ukili mpaka amalize. Baada ya miezi michache alikuja na wenziwe wawili, akawa anawaonyesha namna ya kushika upinde kama alivyoonyeshwa yeye, kidole gumba kikunjwe, kisinyooke. Hakuna aliyemtuma. Siku moja aliweka fidla chini akaniambia, "Fundi, nikikosea hapana wa kunambia." Nilimwambia masikio yangu yanasikia kosa, lakini mkono wangu haujui kulisahihisha. Alivumilia mwaka na kidogo, kisha akaacha, na wale wawili wakaacha siku ileile.

Yule alikuwa kiongozi, Mhariri. Alikuwa na umri wa miaka 13 na alikuwa ameshaanza kazi. Angekuwapo mtu mzima mmoja tu wa kumsahihisha mara mbili kwa wiki, leo tungekuwa na mwalimu wa fidla mwenyeji, tena mwanamke, na akina mama wangewaleta binti zao kwake bila wasiwasi.

Basi ombi langu kwa kaunti, kwa wafadhili na kwa vijana wenye mradi ni kwamba pesa ya kwanza iwe mshahara. Wako vijana wetu wanaopiga kinanda na udi kwenye harusi, wenye masikio makali, wanaolipwa kwa usiku mmoja na mchana wanabeba mawe. Wachaguliwe wawili au watatu, wapelekwe Unguja au Nairobi wakasome, warudi wakiwa na mkataba wa miaka, walipwe kila mwezi kama anavyolipwa mwalimu yeyote. Wapewe nafasi ya kukosea na kurekebisha. Vyombo vije baadaye, vichache, kwa kadiri watakavyovihitaji wao. Najua mshahara hauonekani kwenye picha ya uzinduzi, na fidla mpya inang'aa. Lakini hapa kwetu hakuna anayeshona tanga la mashindano kabla ya kumjua nahodha atakayekishika chombo.

Jambo jingine dogo: mahali pa kuhifadhia. Nyumba za mawe za mji huu, zenye kuta nene na dari za boriti, zina ubaridi wake mchana kutwa. Chumba kimoja cha namna hiyo kitafaa kuliko stoo tatu za mabati. Na matengenezo nitayafanya mimi, bila malipo ya ufundi, kwa mwaka wa kwanza, na nitamfundisha kijana yeyote atakayeletwa.

Viti arubaini sitavianza sasa. Nimemwambia yule kijana nitamtengenezea kimoja, cha mvule, chenye mgongo ulionyooka na kisicho na mikono ili upinde upite. Akishapatikana wa kukikalia, aje tuhesabu vingine.

Fidla tano zilirudishwa kwa wenyewe. Ya sita, ile ambayo yule binti alikuwa akiipiga, waliniachia mimi. Iko rafuni, mbali na dirisha, na kila Alhamisi nikifunga kazi naitoa kashani, naifuta, nazikaza nyuzi zake kidogo ili kile kijiti kisianguke, naigonga kwa kidole nisikilize. Bado kimesimama.

Fundi seremala,
Langoni, Lamu.