Binti yangu anataka kufunga, na moyo wake bado haujapona

Shangazi, assalaam alaikum.

Nina binti wa miaka 17, yuko kidato cha tano, shule ya bweni. Aliporudi likizo ya Desemba, usiku wa kwanza tu aliniomba blanketi. Desemba, hapa Tanga, sisi wengine tunalala feni ikizunguka mpaka asubuhi. Nilipomsuka, nywele zilibaki kwenye kitana mafungu mafungu, lakini mikononi na mgongoni yalikuwa yameota malaika laini kama ya kichanga. Sketi ya shule kaishikiza kwa pini tatu. Hedhi ilishakatika tangu Agosti, na hakuniambia.

Wifi zangu walinong'ona kuwa ni mimba. Mama mkwe akasema vidonda vya tumbo. Hospitali, muuguzi alimshika mkono akahesabu mapigo, akanyamaza, akahesabu tena: 41 kwa dakika. Potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, ilikuwa chini kwenye damu. Daktari akasema ni anoreksia nevosa, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa kuogopa kunenepa. Kumbe mwili ukinyimwa chakula unabana matumizi: moyo unapunguza mwendo, joto linashuka, hedhi inasimamishwa, halafu misuli inaanza kuliwa, hata ya moyo wenyewe. Na mifupa, katika umri huu wa kuijenga, inakonda.

Siku hiyohiyo nilifika wodini na chupa ya supu ya mbuzi na maziwa lita nzima, nataka mwanangu ashibe. Daktari akanizuia. Akanieleza kwamba mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akishibishwa ghafla, insulini inapanda na kuivuta fosfeti, madini ambayo mwili unayahitaji kupata nguvu, kutoka kwenye damu iingie ndani ya seli, na damu ikiishiwa fosfeti moyo unaweza kusimama. Shangazi, miguu iliniisha nguvu. Ningemuua mwanangu kwa supu! Wakaanza kidogo kidogo, wakimpa vitamini B1 na kumpima damu kila siku. Tulikaa siku 16.

Sasa ni wiki ya tano tuko nyumbani. Anakula milo mitatu na vitafunio vitatu, mimi nimekaa pembeni yake. Si rahisi. Tumbo linajaa gesi akila kidogo tu, kwa kuwa limezoea kufanya kazi polepole. Vifundo vya miguu vilivimba, akalia kwamba amenenepa, kumbe ni maji, na yamepungua yenyewe kama daktari alivyosema. Usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa, na kuna wiki uzito haupandi hata akimaliza sahani. Naambiwa mwili unachoma sana wakati wa kujijenga upya. Lakini mapigo sasa ni 58.

Wiki iliyopita wifi yangu mmoja alikuja, akamkumbatia: "Mashallah, umejaa, umenenepa!" Kwetu hiyo ni sifa, na alisema kwa mapenzi. Jioni ile wali wa nazi haukuguswa. Kesho yake alfajiri nilimkuta uani anazunguka, anazunguka, kavaa sweta.

Na Ramadhani ndiyo hiyo. Daktari amekataza asifunge mwaka huu. Nimemkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa, Sura ya Al-Baqara imesema atimize hesabu siku nyingine. Ananijibu, "Mimi si mgonjwa mama, si unaniona nakula?" Baba yake anasema mtoto akitaka ibada asizuiwe. Sitaki kumnyima binti yangu dini yake, naye anampenda Mola wake kweli, najua. Ila funga ni saa 13 na zaidi ambazo hakuna atakayemuuliza kwa nini hali, na ninaogopa kwamba ule ugonjwa umeshaliona hilo kabla yangu.

Shangazi, nimwambieje asifunge bila ya yeye kuona namtoa kwenye mwezi mtukufu? Ana nafasi gani katika nyumba iliyofunga, ale wapi mchana, na nani akae naye? Baba yake nimwingie vipi? Na wale watakaokuja kufuturu, niwaombe nini kuhusu mwili wake bila kuitangaza siri yake?

Nijibu kabla mwezi haujaandama.

Mama wa Tanga