Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa): majina ya vifaa vya bomba yapimwe Tanga kwanza

Ndugu Katibu Mtendaji,

Salaam kutoka Tanga. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na vifaa vyake vingi havina majina ya Kiswahili yaliyozoeleka. Tunaomba istilahi hizo zipimwe kwa mafundi kabla hazijaingia kitabuni.

Mafuta ya Hoima yana nta nyingi, yakipoa huganda. Kwa hiyo bomba hupashwa kwa umeme ili yasishuke chini ya nyuzijoto 50. Waya unaopasha uitweje? Unyambuaji unatoa jibu la haraka: pasha, kipashio. Kisarufi ni safi, lakini kwa aliyesoma sarufi ya sekondari, kipashio ni kijenzi cha lugha, kama sauti, silabi au neno. Nafasi imeshachukuliwa. "Waya wa joto" halina madoido, ila fundi hulielewa papo hapo, na wingi wake, nyaya za joto, haumkwazi mtu.

Kupima si kazi kubwa. Iandikwe kwanza fasili ya kifaa bila jina, kisha waulizwe watu 20 hivi wanaokishika: mnakiitaje? Mara nyingi jina lipo, valvu au pampu, na kubuni jingine ni kujisumbua bure. Lisipokuwepo, neno pendekezwa liwekwe katika sentensi za umoja, wingi na agizo la kazi, msomaji aeleze alichoelewa bila kuona picha. Theluthi wakikosea, liachwe, hata kama wanaisimu wamelipenda.

Wakati nao una uzito. Kishikwambi, yaani tableti, kilienea kwa kuwa kwenye sensa ya 2022 makarani walikabidhiwa kifaa pamoja na jina lake. Rununu imebaki zaidi vitabuni. Huku watu wanasema simu ya mkononi. Majina ya bomba basi yatangulie miongozo ya usalama, yasiifuate.

Jina likishatoka, lifuatiliwe. Kikokotoo ni mashine ya kupigia hesabu, lakini tangu mjadala wa mafao wa 2018, mstaafu wa Ngamiani, hapa Tanga, akikitaja anamaanisha kanuni ya pensheni. Hajakosea, kamusi iziandike maana zote mbili.

Rasimu ya kwanza ikiwa tayari, tunaomba iletwe Chongoleani. Kuwakusanya mafundi na kuandika majibu yao tutasaidia sisi.

Wako katika kazi ya lugha,
Walimu na wafasiri wa Kiswahili, Tanga