Malalamiko kuhusu safari ya Mlima Longido na maji tuliyoyalipia

Nyegezi, Mwanza
18 Novemba 2024

Meneja,
Ofisi ya Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA MLIMA LONGIDO, TAREHE 1 HADI 4 NOVEMBA 2024

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa niaba yangu na wenzangu wanane, wengi wetu walimu wa historia, ambao kila mmoja aliilipa ofisi yako shilingi 420,000 ili apelekwe kupanda Mlima Longido kwa kufuata kile ambacho kipeperushi chenu kinakiita "njia ya kale ya kijeshi".

Tarehe 3 Novemba tuliichagua kwa makusudi kuwa siku ya kupanda. Siku hiyo mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakati mapigano ya Tanga yakiendelea kule pwani, kikosi cha Waingereza chenye askari wapatao 1,500, wengi wao Wapunjabi kutoka India, kilikuwa kimesogea usiku hadi Longido, na kulipopambazuka kikajikuta katikati ya risasi za Wajerumani huku ukungu ukiwa bado umetanda mlimani. Askari hao walipigana mchana kutwa, lakini msafara uliokuwa ukiwaletea mahitaji ulivamiwa njiani, nyumbu wapatao 100 waliobeba maji wakatawanywa (nasema nyumbu wa mizigo, yule anayezaliwa na punda na farasi, si wa Serengeti), baadhi ya wapagazi wakatupa mizigo na kukimbilia porini, na giza lilipoingia kikosi kikateremka na kurudi upande ambao leo ni Kenya, mikono mitupu. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kipeperushi chenu nacho kinayaeleza, nyumbu na maji vikiwemo, nasi tukaamini kwamba kampuni inayoijua habari hiyo ingeshughulikia suala la maji kabla ya jingine lolote.

Mkataba, ambao nakala yake nimeiambatanisha, unataja lita 4 za maji kwa kila mtu, punda wawili wa kubeba madumu, mwenyeji wa Longido wa kutuonesha njia, na kuanza kupanda saa 11 alfajiri. Tulianza saa 3:40 asubuhi, jua likiwa limeshakolea, kwa sababu kiongozi wa msafara mliyemtoa Arusha alikuwa akiwasubiri punda ambao hawakufika. Mwenyeji naye hakutokea. Tuliambiwa kwamba hakutumiwa malipo yake ya awali. Kila mmoja wetu alikabidhiwa chupa moja ya lita moja na nusu, na kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa bado hazijanyesha upande ule, kila korongo tulilolivuka lilikuwa kavu. Ilipofika saa 7 mchana chupa zote zilikuwa tupu, na kiongozi alikuwa ametuzungusha karibu saa nzima kwenye vichaka vya miiba akiitafuta njia. Mwenzetu mmoja, mama wa miaka 58, alikakamaa misuli ya miguu yote miwili, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na mwingine alitapika mara tatu. Tuliamua wenyewe kurudi, kilele tukikiona.

Mama huyo tulimteremsha kwa kupokezana. Waliotuokoa ni vijana wawili wa Kimasai waliokuwa wakichunga mbuzi, ambao walitugawia maji ya kibuyu chao na kutupitisha njia ya mkato hadi mjini, nao hawamo katika mkataba wowote. Kwenye kituo cha afya mama alitundikiwa dripu mbili, na gharama yake, shilingi 64,000, tuliichanga sisi.

Kuhusu maelezo ya kiongozi sitasema mengi. Alitufahamisha kwamba hapo tulipokuwa tukipita ndipo vilipopiganwa Vita vya Maji Maji, ambavyo kila mwanafunzi wetu anajua kwamba vilipiganwa kusini mwa nchi kati ya 1905 na 1907. Kwa watu ambao hawakuwa na maji hata ya kusukutua, kosa hilo lilikuwa kama mzaha.

Nilipowapigia simu tarehe 6 Novemba nilijibiwa baadaye kwa ujumbe mfupi kwamba mlima una changamoto zake na kwamba washiriki hawakuwa na mazoezi. Utetezi huo siupokei. Sisi ni watu wa Mwanza. Mwenzetu anayeishi Mabatini hupanda mawe kila jioni akiwa na ndoo kichwani, na kwa Jumamosi sita mfululizo kabla ya safari tulifanya mazoezi katika vilima vya hapa. Longido ina urefu wa zaidi ya mita 2,600 na hatukuitarajia kuwa matembezi ya ufukweni, ila kilichotukwamisha ni lita mbili na nusu ambazo kila mmoja wetu alizilipia na hakuziona.

Kwa mujibu wa risiti zenu, shilingi 85,000 katika malipo ya kila mtu zilikuwa za maji, punda na mwenyeji. Tunadai fedha hizo zirudishwe kwa watu wote 9, yaani shilingi 765,000, pamoja na shilingi 64,000 za matibabu, jumla shilingi 829,000. Koasta, malazi na chakula tulivipata kama mlivyoahidi, kwa hiyo hatudai chochote kwa hayo, na dereva aliyetupitisha Shinyanga na Singida kwa uangalifu mkubwa tunaomba mumfikishie shukrani zetu. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, tutalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda pia mlaji aliyeuziwa huduma isiyolingana na tangazo.

Aidha, nilipopita juzi nilikiona kipeperushi kilekile bado kimebandikwa mlangoni kwenu, safari hii kikitangaza msafara wa Desemba. Tunaomba kibanduliwe hadi hapo punda, madumu na mwenyeji watakapokuwa wamepatikana kweli.

Wako,

Katibu wa kikundi,
kwa niaba ya washiriki 9

Viambatisho: nakala ya mkataba, risiti 9 za malipo na risiti ya kituo cha afya.