Kuwasha usawazishaji hakutoshi kulinda alamisho

Mhariri,

Wenye simu na kompyuta huambiwa kila siku: washa usawazishaji (kivinjari kulinganisha data zako kwenye vifaa vyako vyote), alamisho zako, yaani anwani za tovuti ulizohifadhi, zitakuwa salama. Ushauri huu ni nusu tu. Usawazishaji hunakili kila kitu, makosa yakiwemo. Folda iliyofutwa kwenye simu kwa kidole kilichoteleza hutoweka na kwenye kompyuta.

Akiba hasa ni faili. Katika kivinjari cha Chrome cha kompyuta bonyeza Ctrl+Shift+O, ukurasa wa alamisho ufunguke, bofya nukta tatu zilizo juu kulia, kisha chagua kuhamisha alamisho. Utapata faili moja ya HTML, aina ya faili ambayo vivinjari husoma. Iweke kwenye flashi. Alamisho mia kadhaa hazizidi ukubwa wa picha moja ya simu, kwa hiyo kisingizio cha nafasi hakipo.

Wengi huharibu wakati wa kurudisha. Ukiingiza faili hiyo huku alamisho za zamani bado zipo, Chrome haiondoi zinazofanana, inaongeza tu, na kila kitu kinakuwa viwili viwili. Kivinjari cha Firefox kina njia mbili za kurudisha, na hapo ndipo watu hulia: faili ya HTML huongeza juu ya zilizopo, lakini nakala ya JSON, aina ya faili ya akiba ya Firefox yenyewe, hufuta zote zilizopo kwanza ndipo irudishe za zamani. Alamisho za wiki hii zinakwenda na maji. Na kama umefuta kitu sasa hivi, ukurasa wa alamisho ukiwa bado wazi, jaribu Ctrl+Z kabla ya lolote.

Vurugu yenyewe ya alamisho huanzia kwenye ile nyota iliyo kwenye upau wa anwani. Ukiibofya, Chrome huhifadhi papo hapo katika folda uliyotumia mwisho, hata kama ni ya mapishi na wewe unahifadhi fomu ya kodi. Jina nalo hutoka kwenye kichwa cha ukurasa, ndiyo maana mtu ana alamisho kumi zote zinaitwa “Mwanzo”. Badilisha folda na jina kabla kidirisha hakijafungwa. Andika “fomu ya kodi ya pango 2025”, kwani kisanduku cha kutafutia alamisho husoma jina na anwani tu, hakiingii ndani ya ukurasa.

Na kwa kuwa kinachohifadhiwa ni anwani peke yake, tovuti ikihamisha ukurasa umeukosa. Kwa nyaraka muhimu tumia Ctrl+P, uhifadhi kama PDF.

Fundi kompyuta,
Morogoro